Bili imepanda, bomba halijapasuka: mtuhumiwa yuko ndani ya tangi la choo

Jumapili jioni katika nyumba moja ya kupanga, Tabata, Dar es Salaam. Wapangaji wamekaa uani kugawana bili ya maji. Kijana wa chumba cha mbele, ambaye ndiye mtunza daftari la michango, amesoma uniti mara mbili ili asiwepo wa kusema hakusikia. Zimeongezeka uniti kumi na ushei kwa mwezi mmoja.

Macho yanamgeukia mama anayefua nguo za watu. Anajibu kwamba wiki mbili hakugusa beseni, mtoto alikuwa anaumwa. Macho yanahamia kwa dereva wa bodaboda anayeosha pikipiki yake kila alfajiri. Naye anaapa kwamba siku hizi anaoshea dumu moja, tena maji ya kufulia. Mwishowe linapatikana jibu lisilomkwaza yeyote aliyepo: wamebambikiwa, msoma mita hakufika, amekaa ofisini akaandika namba.

Hakuna aliyekwenda chooni kuangalia. Choo chenyewe kiko hatua chache kutoka walipokaa, cha kukaa, mlango wake wa bati umefungwa kwa ndoano ya waya. Ukiinama kidogo unaona maji yakiteremka kwenye ukuta wa nyuma wa sinki, utando mwembamba kiasi kwamba unadhani ni unyevu wa mtu aliyetoka kuvuta maji sasa hivi. Karatasi kavu ukiibandika pale inalowa kabla hujahesabu hadi kumi.

Ugomvi wa namna hii unajirudia katika nyua nyingi za mijini, na mara nyingi chanzo chake ni kipande cha mpira kinachoenea kiganjani. Kukibadilisha hakuhitaji cheti. Swali gumu ni kwa nini kinaachwa kivuje miezi na miezi.

Tundu moja, mpira mmoja

Tangi la choo halina siri kubwa. Maji huingia kwa koki ndogo ya ukutani, hupanda hadi boya linapoifunga njia, kisha hutulia. Chini ya tangi kuna tundu pana linaloelekea kwenye sinki, na juu ya tundu hilo hukaa mpira.

Katika matangi ya mkono wa kushusha, mpira huo ni ulimi uliofungwa kwa mnyororo mwembamba. Baadhi ya mafundi huuita flapa. Katika matangi ya kubonyeza kitufe, ambayo ndiyo yaliyojaa kwenye nyumba mpya, ni duara jembamba lililovishwa kwenye kitako cha mnara wa plastiki. Kazi ni ileile: kukaa juu ya tundu kama kizibo cha sinki la vyombo, bila kuacha upenyo.

Uzito wa maji yaliyo juu yake ndio unaoubana. Siku mpira unapokakamaa, unapopinda ukingo, unapoota ute mweusi au unapokaliwa na punje ya mchanga, maji hupata njia. Kiwango ndani ya tangi kinashuka kidogo, boya linashuka nacho, njia inafunguka, maji mapya yanaingia kufidia. Mchana na usiku.

Bomba la uani likipasuka kuna dimbwi, kuna tope, kuna jirani wa kupiga kelele. Maji ya choo yanaondoka kupitia njia yake halali. Sakafu ni kavu, na mita inaendelea kuhesabu.

> Uvujaji wa glasi moja ndogo kwa dakika ni lita 360 kwa siku. Hayo ni madumu 18 ya lita 20, yaliyomwagwa bila mtu kuyabeba.

Hesabu yake haina ubishi. Chukua robo lita, glasi ndogo ya chai ya mgahawani, ipite kila dakika. Kwa saa 24 ni lita 360. Kwa siku 30 ni lita 10,800, yaani karibu uniti 11, maana uniti moja ya maji ni lita 1,000. Zidisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye bili yako, kisha linganisha na bei ya mpira dukani.

Si kwamba tunakuza mambo. Shirika la Waterwise la Uingereza, linalohimiza matumizi bora ya maji, limekadiria kuwa choo kimoja kinachovuja hupoteza kati ya lita 200 na 400 kwa siku.

Mteja ana hoja, mamlaka nayo ina hoja

Tusiwabeze wanaolalamikia mita. Katika jiji lenye mgao, maji yakikatika mabomba hujaa hewa, na maji yakirudi hewa hiyo husukumwa mbele. Mita ya kawaida, ile yenye gurudumu linalozungushwa na kinachopita, haiwezi kutofautisha hewa na maji. Mita huchakaa pia. Na makosa ya usomaji yapo, kama yalivyo katika kazi yoyote ya kuandika namba nyumba kwa nyumba juani.

Zaidi ya hapo, mteja anajua kwamba anayemdai senti ya mwisho mwenyewe anamwaga. Taarifa za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji nchini, zimekuwa zikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba takriban theluthi moja ya maji yanayozalishwa na mamlaka za maji mijini, na wakati mwingine zaidi, hupotea kabla ya kuingia kwenye bili ya mtu. Kiwango kinachotajwa kuwa kinakubalika ni asilimia 20. Mtu anayepita kila asubuhi kwenye bomba lililopasuka barabarani hatakuelewa ukimwambia akakague choo chake.

Lakini mamlaka nayo ina la kusema: maji yakishavuka mita, ni ya mteja. Yakinywewa, yakimwagiliwa mchicha au yakiishia chooni, mita haiulizi. Mteja anayeandika malalamiko matatu kabla ya kufunua tangi lake anapoteza muda wa pande zote mbili.

Na upungufu ni wa kweli. Mwishoni mwa Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kilipopungua kwa ukame, DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ilitangaza mgao. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ambayo kwa pamoja ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku, ilishuka hadi takriban lita milioni 300. Wiki zile watu walipanga foleni na madumu kwenye visima, na bei ya maji ya boza ikapaa. Ndani ya nyumba hizohizo, matangi ya choo yalikuwa yakijazwa kwa ndoo ili yavuje.

Kabla ya kwenda ofisini kudai umebambikiwa, kuna kipimo kisichogharimu kitu. Funga koki zote za nyumba usiku, isipokuwa ile ya tangi la choo, kisha mulika uso wa mita. Mita nyingi zina kipembe au kinyota kidogo pembeni mwa namba, ambacho huzunguka hata maji yakiwa yanapita kidogo sana. Kikiwa kimetulia, dai lako lina nguvu, nenda nalo. Kikiwa kinazunguka, ingia chooni ukafunge koki ndogo ya ukutani, urudi uangalie tena. Kikisimama, mwizi umemfahamu.

Waingereza na mnyororo

Wazee waliokulia kwenye nyumba za kikoloni au maghorofa ya zamani watakumbuka tangi la chuma lililofungwa juu kabisa ukutani, na mnyororo wenye kishikio ukining'inia. Lile tangi halikuwa na mpira wa kuziba tundu. Lilikuwa na mtambo wa Kiingereza unaonyanyua maji na kuyavusha juu ya kiwiko cha bomba. Yakishavuka, yanavutana yenyewe mpaka tangi likauke.

Kwa kuwa njia ya kutokea ilikuwa juu ya usawa wa maji, hapakuwa na pa kuvujia chini. Mtambo ule ukichoka, haukuvujisha: uligoma. Unavuta mara tatu, mara nne, hakitoki kitu. Kilichopasuka ni kipande chepesi cha plastiki au mpira ndani yake, na kwa kuwa choo kimekataa kazi, fundi anaitwa siku hiyohiyo.

Uingereza ilishikilia mtambo huo kwa miongo mingi, kanuni zake zikikataa kabisa matangi ya tundu la chini, kwa hofu hiihii ya kuvuja. Kanuni mpya za vifaa vya maji za mwaka 1999 ndizo zilizofungua mlango, na kuanzia Januari 2001 matangi ya mpira yaliruhusiwa, sharti yasizidi lita 6 kwa kuvuta mara moja. Nia ilikuwa njema. Sasa wataalamu wa maji wa nchi hiyo wanalalamika kwamba akiba iliyopatikana kwa matangi madogo inaliwa na mipira inayovuja.

Wamarekani wao walikuwa na flapa tangu zamani, na sheria yao ya nishati ya mwaka 1992 ikashusha kiwango hadi takriban lita 6 kwa vyoo vipya kuanzia 1994. Vitufe viwili, kimoja cha haja ndogo na kingine cha haja kubwa, ni kazi ya Australia: kampuni ya Caroma, mwaka 1980, kwa ubunifu wa Bruce Thompson. Ndio mtindo unaotufikia leo kwa makontena, mwingi ukitengenezwa China.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, nyumba ya kupanga yenye choo cha pamoja ingenufaika zaidi na mtambo ule wa zamani unaogoma. Kifaa kinachoharibika kimyakimya kinafaa kwa mtu anayeishi peke yake na kusoma bili yake mwenyewe. Uani kwetu, kinachotusaidia ni kile kinachotukera mpaka tukitengeneze.

Anayesikia halipi, anayelipa hasikii

Hapa ndipo penye kiini. Katika nyumba yenye mita moja na wapangaji wengi, bili hugawanywa kwa vyumba au kwa vichwa. Ukiwa mmoja kati ya sita, kila uniti inayopotea wewe unalipa sehemu ya sita tu. Ukiamua kununua mpira kwa hela yako, utakuwa umelipa wote na kunufaika sehemu ya sita. Mtu yeyote mwenye akili timamu atasubiri mwingine aanze.

Mwenye nyumba, ambaye mara nyingi hakai hapo, haioni bili kabisa. Kwake choo ni kizima: ukivuta, kinatoka, ukisubiri, kinajaa. Akipigiwa simu jibu lake linajulikana: vitu vidogovidogo malizaneni huko, paa likivuja ndiyo mniite.

Na pale ambapo kodi ya nyumba inajumuisha maji, mambo yanageuka. Mpangaji anasikia mchirizi usiku kucha na hana sababu ya kunyanyuka. Zanzibar, ambako kwa miaka mingi kaya nyingi zimelipa kiwango kimoja kwa mwezi bila mita, tangi linaweza kuvuja mwaka mzima pasipo namba yoyote kubadilika mahali popote.

> Ukiwa mmoja kati ya sita, ukinunua mpira kwa hela yako utakuwa umelipa wote na kunufaika sehemu ya sita.

Sheria haiko kimya, ingawa haikuandikwa kwa ajili ya kipande cha mpira. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inamtaka mwenye nyumba aliyepangisha sehemu ya jengo kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji machafu, pamoja na sehemu na vifaa vya matumizi ya pamoja. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo inaweka masharti ya jumla yanayomgusa kila upande. Choo cha uani kinachotumiwa na vyumba sita ni vigumu kukiita kitu kingine zaidi ya kifaa cha pamoja. Choo cha ndani ya chumba chako ni habari nyingine, na hapo mwenye nyumba ana haki ya kukuuliza kwa nini ulikiacha.

Lakini nani ataenda barazani kwa ajili ya mpira? Kinachofanya kazi ni mkataba wenyewe. Mstari mmoja unaosema matengenezo ya tangi la choo cha pamoja yatakatwa kwenye kodi, kwa risiti, unamaliza maneno yote. Mikataba mingi ya mtaani, ile ya ukurasa mmoja inayouzwa steshenari, haina mstari huo. Ina mstari wa kukataza kupiga misumari ukutani.

Seti nzima, bosi

Mpangaji akiamua kujitoa mhanga, anamwita fundi bomba. Fundi anafunua tangi, anatazama, anatikisa kichwa. Hii imekufa, bosi, tuweke seti nzima.

Seti nzima ni mtambo wote wa ndani: boya, mnara, kitufe, nati, mipira. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kuanzia yale ya Gerezani, Kariakoo, hadi vibanda vya vifaa vya mabomba pembeni mwa barabara, seti ndiyo inayoning'inia mbele ndani ya mfuko wa plastiki. Mpira peke yake utauulizia kwa muuzaji, naye atauulizia kwa mwenzake, na huenda ukaletwa kutoka kwenye kopo la makorokoro bila bei maalumu.

Ni rahisi kumwita fundi mwizi. Tumsikilize naye. Mitambo hii inatoka viwandani ikiwa ya kila aina, na duara la mpira la tangi moja linaweza kupishana na la jingine kwa milimita chache tu, zinazotosha kuvujisha. Fundi akifunga mpira usioenea, kesho anaitwa tena, na safari hii hakuna atakayemlipa ufundi wala nauli. Akifunga seti nzima, anajua imetoka kiwandani ikiwa imeshabana. Kwake seti ni bima.

Tatizo ni kwamba bima hiyo anailipia mteja, na plastiki nzima ya mtambo wa zamani inakwenda jalalani kwa kosa la kipande kimoja. Seti za bei rahisi nazo zina mpira mgumu tangu siku ya kwanza. Ubonyeze kwa kidole gumba kabla hujalipa. Mpira mzuri unabonyea na kurudi. Ukibonyea na kubaki na alama, au usipobonyea kabisa, mrudishie muuzaji.

Namna ya kumkamata na kumtoa

Anza na rangi. Rangi ya chakula, ile ya kuwekea pilau au ubuyu, kijiko kidogo ndani ya tangi. Usivute maji. Nenda kapike chai, urudi baada ya nusu saa. Maji ya kwenye sinki yakiwa meupe, tangi ni zima. Yakiwa yamebadilika rangi, tangi linavuja, lakini usiulaumu mpira mara moja: huenda kosa ni la boya.

Maana kuna uvujaji wa aina mbili na wengi wanauchanganya. Ndani ya tangi kuna bomba lililosimama wima, au mnara wenye uwazi juu, ambao kazi yake ni kupokea maji yakizidi kiwango yasije yakamwagika sakafuni. Boya lisipofunga sawasawa, maji yanapanda hadi kwenye mdomo wa bomba hilo na kuteremkia kwenye sinki. Kubadilisha mpira hakutasaidia hata kidogo. Kinachotakiwa ni kulishusha boya kwa skrubu yake, au kubadilisha washa ya koki yake.

Kama bado una shaka, funga koki ya ukutani na uchore alama ya penseli kwenye usawa wa maji, ndani ya tangi. Maji yakibaki kwenye alama, kosa ni la boya. Yakishuka chini ya alama, kosa ni la mpira.

Sasa kazi. Koki ya ukutani ikiwa imefungwa, vuta maji tangi likauke. Yanayobaki chini yafyonze kwa sponji au kitambaa. Maji haya ni safi, yametoka kwenye bomba lilelile unalopikia, kwa hiyo kinyaa acha mlangoni.

Kwenye tangi la mkono, flapa imeshikwa na masikio mawili yaliyopachikwa kwenye vijinundu pande mbili za bomba la wima. Yachomoe kwa vidole, fungua kindoano cha mnyororo, umetoka. Kwenye tangi la kitufe, fungua kwanza kitufe chenyewe kwa kukizungusha kinyume cha saa, inua kifuniko polepole (kigae hicho kikianguka utanunua tangi, si mpira), kisha shika mnara wa katikati na uuzungushe kama robo ya mzunguko kuelekea kushoto. Unang'oka mzima. Ugeuze: mpira wa duara uko kwenye kitako.

Utazame vizuri kabla ya kuutupa. Pitisha kidole kuzunguka ukingo. Mpira uliozeeka unaacha weusi kwenye kidole, na mara nyingi una kovu, mstari uliozama mahali ambapo umekuwa ukikalia mdomo wa tundu kwa miaka. Baadhi ya mipira ya duara ni sawa pande zote, na ukiugeuza upande wa pili unapata miezi kadhaa ya nyongeza bila kutoa senti. Si suluhisho la kudumu, lakini linakupa muda wa kutafuta unaoenea.

Halafu mdomo wa tundu lenyewe. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanabadilisha mpira, wanaacha ukoko. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na chumvi inajijenga kwenye ukingo wa plastiki kidogokidogo hadi ukingo unakuwa na vipele. Mpira mpya juu ya vipele utavuja usiku huohuo. Loweka kitambaa kwenye siki, kiache kimezunguka ukingo kwa muda, kisha sugua kwa sponji laini. Msasa na kisu viache. Mkwaruzo mmoja kwenye plastiki ni mfereji wa kudumu.

Dukani nenda na mpira wa zamani mkononi, usiende na maelezo. Flapa nyingi ni za tundu la inchi 2, nyingine inchi 3, na kwa macho matupu watu huzikosea. Ukirudi, pachika masikio, funga mnyororo, uache ulegevu wa sentimita moja hivi. Mnyororo mfupi unaushikilia mpira juu. Mrefu unajikunja na kulaliwa chini yake. Fungua koki, acha tangi lijae, weka tena rangi.

> Vile vidonge vya bluu vya kunukisha choo vinavyotumbukizwa ndani ya tangi vinaling'arisha sinki na kuula mpira.

Neno kuhusu vidonge hivyo. Baadhi vina klorini, na klorini ikikaa na mpira ndani ya maji yaliyotulia, siku baada ya siku, inaukakamaza na kuupindisha. Anayependa harufu yake avining'inize kwenye ukingo wa sinki. Na lile tofali linalowekwa ndani ya tangi kupunguza maji litoe: linamomonyoka, na chembe zake zinakwenda moja kwa moja kukaa chini ya mpira. Chupa ya plastiki iliyojazwa maji na kufungwa kizibo inafanya kazi hiyohiyo.

Baada ya mgao mrefu pia, maji ya kwanza kurudi huwa na tope na kutu. Yaachie nje kwenye koki ya uani kwanza mpaka yawe meupe, ndipo ufungue ya choo.

Simtanki na karo

Kwenye nyumba zenye simtanki juu ya paa, mpira unaovuja una hasara ambayo haimo kwenye bili. Simtanki la lita 1,000, kwa uvujaji wetu wa glasi kwa dakika, linakauka ndani ya siku tatu hata familia yote ikiwa imesafiri. Anayepandisha maji kwa pampu anayalipia mara ya pili kwenye umeme wa LUKU. Anayenunua ya boza, hesabu aifanye mwenyewe.

Upande wa pili wa sinki hali ni mbaya zaidi. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam haijaunganishwa na mfumo wa majitaka. Maji ya choo yanaishia kwenye karo na shimo la kunyonyea ndani ya kiwanja. Shimo hilo lilichimbwa kwa kukisia matumizi ya watu wanaokaa hapo. Lita 360 za ziada kila siku, maji safi tupu, zinalijaza kwa kasi isiyolingana na idadi ya watu. Maeneo ya bondeni, ambako udongo umeshashiba, maji hayo hayana pa kwenda wakati wa masika, na chemba ndiyo inayofurika uani.

Hapo familia inaita gari la kunyonya. Gari linalipwa kwa safari. Miezi michache baadaye linaitwa tena, na mtu anasema shimo limekufa, lichimbwe jingine. Kuchimba shimo, kulijengea, kununua kokoto na mfuniko wa zege ni gharama ya kukopea.

Kabla ya kufika huko, funua chemba jioni, weka alama kwenye usawa wa maji, funga koki za vyoo vyote mpaka asubuhi na utumie ndoo. Asubuhi pima tena. Ukiona maji yameteremka, shimo bado linanyonya, na mkutano wa kuchangishana hela ya kuchimba jingine unaweza kuahirishwa hadi mipira yote ya nyumba ikaguliwe.